Homa Moja, Wadudu Wengi: Vimelea vya Maradhi katika Pwani ya Bagamoyo

Katika zahanati zilizo kando ya barabara itokayo Bunju, ikapita Mapinga, Zinga na Kiromo hadi Bagamoyo mjini, neno linalosikika zaidi asubuhi ni homa. Mama huja na mtoto aliyechemka usiku kucha, mvuvi huja amejikunyata ndani ya koti, mwanafunzi huja akilalamikia kichwa na viungo. Baada ya vipimo, jibu ambalo mgonjwa hurudi nalo nyumbani aghalabu ni fupi: "Wameniona na wadudu." Jirani hamwulizi ni wadudu gani. Na si kila mara mhudumu aliyemwandikia dawa anaweza kulijibu swali hilo.

Neno wadudu si baya. Lina ukweli mmoja mkubwa ndani yake, kwamba maradhi mengi huletwa na kitu kinachoingia mwilini na kuzaliana, wala si upepo au jicho la mtu. Taabu yake ni kwamba linawaweka chini ya mwavuli mmoja viumbe waliotengana kwa asili kuliko binadamu alivyotengana na changu. Mikrobiolojia ya tiba huwagawa katika makundi makubwa matano: virusi, bakteria, protozoa, kuvu na minyoo. Mgawanyo huo haukubuniwa ili kuwatesa wanafunzi wa udaktari. Kila kundi lina umbile lake na kwa hiyo lina udhaifu wake, na dawa si kitu kingine ila silaha iliyolengwa kwenye udhaifu fulani. Silaha hiyo ikielekezwa kwa kundi lisilohusika hupita bure, huku ikiwaua au kuwakomaza wale waliokuwa pembeni.

Ukubwa pekee unatosha kuonyesha tofauti hiyo. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa takriban mikromita 7. Zikipangwa 140 kwa mstari, zinafikia milimita moja. Bakteria wa kawaida wa utumbo ana urefu wa mikromita 2 hivi. Kirusi cha dengi kina upana wa nanomita 50, yaani chembe moja ya damu ina upana wa virusi 140 vilivyopangwa bega kwa bega. Jike la mnyoo wa matende, kwa upande wake, huweza kufikia sentimita 10. Hadubini ya mwanga iliyoko katika kituo cha afya humwona bakteria na kimelea cha malaria, lakini haiwezi kukiona kirusi cha dengi hata ikiwa mikononi mwa fundi stadi.

Je, ni kundi lipi linalosababisha homa za watoto wetu? Mwaka 2008 watafiti waliwachunguza kwa kina watoto 1,005 wenye homa, walio chini ya umri wa miaka 10, waliohudhuria kliniki za nje jijini Dar es Salaam na mjini Ifakara. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014 katika jarida la New England Journal of Medicine. Asilimia 70.5 walikuwa na maradhi ya virusi, asilimia 22.0 maradhi ya bakteria, na asilimia 10.9 maradhi ya vimelea vya kundi la malaria na wenzake. Baadhi walikuwa na zaidi ya moja. Malaria yenyewe ilikuwa asilimia 10.5, na taifodi asilimia 3.7. Takwimu hizo ni za mahali pawili na mwaka mmoja, na hazipaswi kubebwa kama msahafu. Hata hivyo, ni vigumu kuzisoma bila kufikiria mifuko ya vidonge inayotoka kila siku katika maduka ya dawa.

Kirusi si chembe hai kamili. Ni kifurushi cha maelekezo ya urithi kilichofungwa ndani ya ganda la protini, na baadhi ya virusi huvaa juu yake utando wa mafuta. Hakina ukuta, hakina kiwanda chake cha protini; huazima mitambo ya chembe ya mwili wa mgonjwa. Amoksisilini hubomoa ukuta wa bakteria, na azithromaisini huziba kiwanda chake cha protini. Mbele ya kirusi, dawa hizo hazina cha kubomoa wala cha kuziba. Mtoto mwenye mafua anayepona siku ya nne akiwa anameza amoksisilini angepona siku hiyo hiyo bila kuimeza.

Katika mwambao huu virusi vinavyofaa kukumbukwa ni vya dengi na chikungunya, ambavyo vyote husambazwa na mbu aina ya Aedes, anayeuma mchana na kutaga katika maji safi ya ndoo, matairi na vifuu vya nazi. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengi mwaka 2014 na mwingine mwaka 2019. Chikungunya, nayo, ni zawadi ya huzuni ambayo Tanzania iliipa dunia kwa jina: ugonjwa huo ulielezwa kwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 katika nyanda za juu za Wamakonde, na jina limetokana na Kimakonde, likimaanisha kile kinachomkunja mtu. Aliyewahi kumwona mgonjwa wa viungo anayetembea ameinama hatahitaji ufafanuzi zaidi. Jambo la kuzingatia kwa mhudumu ni kwamba mgonjwa anayeshukiwa kuwa na dengi apewe parasetamoli na maji ya kutosha, si aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki, kwa kuwa dawa hizo huongeza hatari ya kutokwa damu.

Taifodi inahitaji maneno yake. Husababishwa na bakteria wa jamii ya Salmonella, na ni ugonjwa wa kweli unaoweza kuua. Lakini "taifodi" inayotolewa kama jibu katika vituo vingi hutokana na kipimo cha Widal, kilichobuniwa mwaka 1896. Kipimo hicho hakimtafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili, yaani kumbukumbu ya mwili juu ya mgeni aliyewahi kupita, na wageni wengine wanaofanana naye huacha kumbukumbu inayofanana. Mtu aliyeugua miaka iliyopita, au hata ambaye hakuugua taifodi kamwe, anaweza kuambiwa ana wadudu wa taifodi leo, kisha wiki ijayo, kisha mwezi ujao. Hapo ndipo huzaliwa ile "taifodi sugu" inayomaliza fedha za familia. Jibu la kuaminika zaidi hupatikana kwa kuotesha damu maabara kabla ya dawa kuanza.

Bakteria wenyewe ni chembe kamili, wadogo, wasio na kiini kilichozungushiwa utando. Mwaka 1884 daktari wa Denmark, Hans Christian Gram, akiwa Berlin, alibuni njia ya kuwapaka rangi ambayo mafundi wa maabara wanaitumia hadi leo. Matone ya rangi ya zambarau, kisha iodini, kisha alkoholi ya kuosha, na mwisho rangi nyekundu. Wenye ukuta mnene huishikilia zambarau. Wenye ukuta mwembamba uliofunikwa na utando wa nje huipoteza na kuonekana wa waridi. Kwa hatua hiyo ya dakika chache, pamoja na kuangalia umbo kama ni duara, kijiti au msokoto, daktari hupata fununu kubwa ya dawa ipi itafaa, kwa sababu utando wa nje wa wale wa waridi huzizuia dawa kadhaa kupenya. Bakteria wa kipindupindu ni wa waridi na amepinda kama mkato wa mwandishi. Bakteria wa kifua kikuu amejipaka nta na hukataa rangi hizo. Hutafutiwa rangi yake maalumu.

Wenye umbo la msokoto wana kisa kinachoihusu njia iliyoanzia Bagamoyo. Misafara iliyokwenda na kurudi kutoka Tabora na Ujiji ililala katika mabanda ya udongo, na katika nyufa za mabanda hayo aliishi papasi, kupe laini anayenyonya usiku na kurudi ufani kabla ya alfajiri. Robert Koch, aliyekuwa amemtambua bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882, alifika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1905 na kuichunguza homa ya papasi. Aliwakuta kupe hao katika vituo vya kupumzikia misafara, na akaonyesha kwamba bakteria huyo, Borrelia, humpita mama papasi hadi ndani ya mayai yake, hivyo banda huweza kubaki na sumu hata wasafiri wakiadimika. Mwaka huo huo daktari Mwingereza, Joseph Dutton, aliyekuwa akiuchunguza ugonjwa huo Kongo, alifariki huko. Kimelea kikapewa jina lake.

Homa ya papasi hupanda, hushuka, kisha hurudi, na kwa mgonjwa haina tofauti na malaria. Chini ya hadubini Borrelia huonekana katika tone lile lile la damu linalotafutiwa malaria. Kipimo cha haraka cha malaria, ambacho ni msaada mkubwa usiopingika, hutambua protini ya kimelea cha malaria tu. Kila hadubini inapowekwa kabatini kwa sababu kipimo cha haraka kimefika, jicho moja lililokuwa likiona zaidi ya kilichoulizwa linafumbwa. Hasara hiyo haitajwi inavyostahili.

Kimelea cha malaria ni protozoa: chembe moja, lakini yenye kiini na viungo vya ndani vinavyokaribia vyetu, na ndiyo maana si rahisi kukiua bila kumgusa mgonjwa. Aidha, hubadilika umbo. Anachodunga mbu si kile kinachokua ndani ya ini, wala kile cha ini si kile kinachopasua chembe nyekundu. Kinga inayokitambua katika vazi moja hukipoteza katika jingine. Bagamoyo imechangia sana kazi ya kukinasa. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara walioko hapo walishiriki katika majaribio ya awamu ya tatu ya chanjo ya RTS,S, yaliyofanyika kuanzia mwaka 2009 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, na baadaye ya chanjo ya R21, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2023. Chanjo zote mbili humfundisha mtoto kulitambua vazi la kwanza, kabla kimelea hakijafika ini. Maambukizi kwa watoto wa chini ya miaka mitano nchini yameshuka kutoka asilimia 18.1 mwaka 2008 hadi 8.1 mwaka 2022, na kadiri yanavyoshuka ndivyo inavyozidi kuwa kosa kuiita kila homa malaria.

Kuvu, walioleta mapunye na choa, wako karibu nasi kichembe kuliko bakteria, na dawa zao ni chache. Krimu zenye steroidi huwapendezesha kwa wiki moja, kisha huwasambaza. Kwa mwenye VVU aliyechelewa matibabu, kuvu aina ya kriptokoka huweza kuingia hadi kwenye utando wa ubongo.

Mpaka kati ya makundi, hata hivyo, una maajabu yake. Matende na mabusha, maradhi ya kale ya mwambao kuanzia Bagamoyo hadi Pangani na Tanga, huletwa na mnyoo, Wuchereria bancrofti. Viluwiluwi vyake huelea katika damu usiku, ndiyo sababu wapimaji wa zamani waligonga milango saa nne za usiku na kuendelea. Dawa za kugawa kwa jamii, ivermektini na albendazoli, huviua viluwiluwi lakini wazazi wao hustahimili. Ndani ya mnyoo huyo, hata hivyo, huishi bakteria, Wolbachia, ambaye mnyoo hawezi kuzaa wala kuishi vyema bila yeye. Katika kijiji cha Kimang'a, Pangani, wanaume 72 walishiriki jaribio lililochapishwa mwaka 2005 katika jarida la The Lancet: baadhi walipewa doksisaiklini kwa wiki nane, wengine kidonge kisicho na dawa. Kwa wengi wa waliopata doksisaiklini, minyoo wakubwa hawakuonekana tena kwenye ultrasaundi. Dawa ya bakteria ilikuwa imemwua mnyoo kwa kumnyima mpangaji wake.

Doksisaiklini hiyo hiyo huuzwa bila cheti kwa kikohozi cha virusi, na kila dozi ya aina hiyo huwachuja bakteria wa utumboni, wakabaki wale wasioiogopa. Usugu wa vimelea dhidi ya dawa hujengwa hivyo, kidonge kwa kidonge. Kwa mhudumu, hatua ya kwanza ni ndogo: mkojo wa katikati au damu ya kuotesha vichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza, na saa ya kuchukuliwa iandikwe. Kwa mgonjwa, ni kutaja dawa alizokwisha kumeza nyumbani, hata zile za kuazima kwa shangazi, na kumkimbiza hospitali mara moja mtoto anayedegeka, asiyeweza kunyonya au anayetapika kila kitu. Majibu ya kuotesha hutoka baada ya siku mbili au tatu. Mgonjwa ambaye namba yake ya simu haikuandikwa kwenye fomu huendelea kumeza dawa ya kwanza.