Treni Ikifika Mbeya, Nani Anashusha Mzigo?

Siku ya treni, stesheni ya TAZARA Mbeya utaijua ukiwa bado barabarani. Bajaji na bodaboda zimepanga foleni, mama lishe wameshainjika chai, makuli wanagombania magunia yanayoshuka kwenye Canter. Ndani, ukumbi ni mpana na dari liko juu mno. Wachina waliujenga kwa ajili ya reli iliyotarajiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Njoo siku isiyo na treni, utasikia viatu vyako mwenyewe.

Reli hii ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, ilianza kujengwa mwaka 1970 kwa mkopo wa China usio na riba, ikakabidhiwa Julai 1976. Zambia ilihitaji njia ya kutolea shaba bila kupita Rhodesia ya walowezi. Lakini zile tani milioni 2 hazijawahi kufikiwa. Mwaka wake mzuri kuliko yote ulizidi milioni 1.2 kidogo tu, na mwaka wa fedha 2014/15 shehena ilishuka chini ya tani 90,000. Vichwa vya treni vilichakaa na vipuri vikawa vya kusubiriwa, huku barabara ya Tanzam ikipita jirani kabisa. Lori likitoka bandarini linashusha mlangoni kwa mwenye mali. Behewa lazima lisubiri wenzake.

Hata hivyo, nimeiangalia stesheni hii muda mrefu na ninaamini biashara yake kubwa iko pale mzigo unapobadilisha chombo, hata zaidi ya pale treni inapopita. Uyole, hapahapa Mbeya, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,789, ndipo reli inapofika juu kuliko mahali pengine popote, na hapohapo barabara ya Tukuyu, Kyela na Malawi inachepuka. Miaka ya 1980, vita vya Msumbiji vilipoifungia Malawi njia zake za Nacala na Beira, ilibidi igeukie kaskazini. Ikajengewa kituo chake cha mizigo Mbeya: mafuta na bidhaa zije kwa reli kutoka Dar es Salaam, zihamishiwe kwenye malori, kisha zivuke mpaka wa Kasumulu. Kila uhamisho wa namna hiyo unalisha watu wengi: kuli, karani wa ghala, wakala wa forodha, fundi wa matairi, mwenye gesti.

Iringa mjini haikuipata bahati hiyo. Kutoka Mlimba, reli inapanda ukingo wa milima kwa mahandaki na madaraja, kipande kilichowatesa wajenzi kuliko vyote, na inatokea Makambako, kama kilomita 160 kusini ya mji. Makambako ilikuwa ndani ya Mkoa wa Iringa hadi Njombe ilipofanywa mkoa mwaka 2012. Iringa imebaki mji wa mabasi na malori, na mbao za Sao Hill zinashuka Dar kwa magurudumu. Makambako, palipokutana reli, Tanzam na barabara ya Songea, pamegeuka soko. Mchele na ndizi za bonde la Kilombero zilipanda huko kwa treni fupi ambayo wenyeji waliiita kipisi, na viazi vya nyanda za juu vikashuka nayo. Magunia mawili, matatu, ya mama mmoja. Hesabu za tani hazimwoni, ila soko linamfahamu vizuri.

Huyo mama ndiye ninayemhofia katika mpango mpya. Septemba 2025 nchi zetu mbili, Tanzania na Zambia, zilitiliana saini na kampuni ya Kichina ya CCECC mkataba wa miaka 30, wenye uwekezaji wa dola bilioni 1.4, wa kuifufua reli na kuiendesha. Ninaufurahia, tumekaa na reli inayozeeka kwa muda mrefu mno. Lakini mwekezaji atarudisha fedha zake kwa shaba, na shaba iliyofungwa kwenye behewa huko Zambia na kufunguliwa bandarini haiiachii Mbeya hata chai ya kuli. Zaidi ya hapo, shaba ya Zambia na Kongo sasa inatafutiwa njia ya Lobito, Angola, kwa fedha za Marekani na Ulaya. Viazi vya Umalila, parachichi za Rungwe na mchele wa Mbarali havina Lobito ya kukimbilia.

Kwa hiyo madai ya wafanyabiashara wa Mbeya na Makambako yapelekwe sasa, kabla mataruma mapya hayajalazwa: kila treni ya abiria iwe na behewa la vifurushi, parachichi zipate ghala la ubaridi kando ya njia, daladala zifike stesheni saa treni inapoingia, na kipisi kiwe na siku zake ambazo mama wa Mlimba anaweza kuzipangia safari ya soko.