Saa Iliyomo Ndani ya Damu

Msafiri anayetoka kusini mwa Malawi kwa barabara kuu ya M1 hupita Nathenje kabla ya kuingia Lilongwe, na akiendelea na safari yake kuelekea kaskazini hufika wilaya ya Dowa, iliko kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Mahali hapo zamani palikuwa gereza. Tangu mwaka 1994 pamekuwa makao ya watu waliokimbia vita, wengi wao wakitoka mashariki ya Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili husikika huko kila siku. Kufikia mwaka 2023 idadi yao ilikuwa imepita watu 50,000. Kwa askari wa Tanzania na wa Malawi, watu wa Kongo si wageni, kwani majeshi ya nchi hizo mbili, pamoja na la Afrika Kusini, ndiyo yaliyotoa wapiganaji wa brigedi maalumu ya Umoja wa Mataifa iliyopelekwa huko mwaka 2013.

Mkulima wa Nathenje na mkimbizi wa Dzaleka, endapo watapatwa na saratani ya damu, safari zao huelekea mahali pamoja, yaani Hospitali Kuu ya Kamuzu mjini Lilongwe. Mazungumzo ya leo yanaeleza kwa nini safari kama hiyo haifai kucheleweshwa, na kwa nini askari anayo sehemu yake katika jambo linaloonekana kuwa la madaktari peke yao.

Saratani inayozungumzwa ni lukemia sugu ya uboho. Uboho uliomo ndani ya mifupa ndicho kiwanda cha damu. Mtu mwenye afya huwa na chembe nyeupe kati ya 4,000 na 11,000 katika kila tone dogo la milimita moja ya ujazo. Mgonjwa wa lukemia hii huweza kuwa na chembe zaidi ya 100,000. Chanzo chake kilianza kufahamika mwaka 1960, pale Peter Nowell na David Hungerford wa mji wa Philadelphia, Marekani, walipoona kwa hadubini kromosomu moja iliyo fupi kuliko kawaida katika chembe za wagonjwa. Mwaka 1973, Janet Rowley wa Chicago alionyesha kwamba kromosomu ya 9 na ya 22 zilikuwa zimebadilishana vipande. Jeni mbili zilizokuwa mbalimbali huungana na kuwa moja, na jeni hiyo mpya huiamuru chembe kugawanyika bila kikomo. Ni mfano wa kikosi kilichopewa amri ya kwenda mbele, kisha asiwepo wa kutoa amri ya kusimama.

Hapa ndipo inapoingia saa ya mwili. Kila kromosomu ni uzi mrefu uliobeba jeni, na katika ncha zake mna kifuniko kinachoitwa telomea. Mwenye kusuka mkeka anajua kwamba ukingo usipofungwa vizuri, kazi yote hufumuka. Telomea hufanya kazi ya ukingo huo. Imeandikwa kwa herufi 6 za urithi zinazorudiwa maelfu ya mara, na kila chembe inapogawanyika, kiasi cha herufi 50 hadi 200 hupotea. Ncha zikifupika mno, chembe ya kawaida huacha kugawanyika. Leonard Hayflick ndiye aliyeonyesha, mwaka 1961, kwamba chembe za binadamu zina kikomo cha kugawanyika, na baadaye ikajulikana kwamba ufupi wa telomea ndio unaohesabu kikomo hicho.

Mwili, hata hivyo, unacho kimeng'enya kiitwacho telomerasi, ambacho hurudishia ncha herufi zilizopotea. Elizabeth Blackburn na Carol Greider walikigundua mwaka 1984, na mwaka 2009 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Jack Szostak. Sehemu yake iliyo muhimu hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni iitwayo TERT. Katika chembe nyingi za mtu mzima jeni hii imelala. Katika saratani nyingi, kiasi cha asilimia 85 hadi 90, telomerasi huonekana ikifanya kazi, na kwa sababu hiyo chembe za saratani huweza kuendelea kugawanyika pale zilipopaswa kukoma.

Je, hali ikoje katika lukemia sugu? Watafiti waliopima ncha hizo na kutoa matokeo yao mwaka 2000 waliona kwamba, ndani ya mgonjwa mmoja, chembe zenye ugonjwa zilikuwa na telomea fupi kuliko chembe zake zilizo nzima. Waliona pia kwamba wagonjwa waliokuwa na ncha fupi zaidi walielekea kuingia mapema katika hatua ya mwisho ya ugonjwa, ile ya kulipuka kwa chembe changa. Jambo lenye kushangaza ni kwamba katika hatua ya kwanza jeni ya TERT ilionekana kuwa dhaifu katika chembe mama za ugonjwa, ambapo katika hatua ya mwisho telomerasi huongezeka kwa wagonjwa wengi.

Maana yake ni hii. Chembe yenye ugonjwa hugawanyika mno na kumaliza ukingo wake. Kromosomu zisizo na ukingo hugandana, hukatika na kuzaa makosa mapya. Chembe nyingi huangamia, lakini ile inayopona ikiwa imeamsha telomerasi hutoka katika hatari hiyo ikiwa mbaya kuliko ilivyokuwa. Ni sawa na adui aliyekaribia kuishiwa akiba ambaye, badala ya kusalimu amri, anavumbua ghala jipya.

Kwa hiyo, mwezi unaopita bila matibabu katika ugonjwa huu si muda wa kungoja tu. Ni mwezi ambao chembe zinaendelea kugawanyika, ncha zinaendelea kufupika, na makosa yanazidi kupata nafasi.

Kinga dhidi ya hali hiyo ipo. Mwaka 2001 Marekani iliidhinisha dawa ya imatinibu, ambayo huizuia ile amri potofu ya kugawanyika. Kabla yake, wagonjwa wengi waliishi miaka 3 hadi 5 tu. Miongoni mwa wale walioanza nayo katika jaribio kubwa la kimataifa, zaidi ya 80 kati ya 100 walikuwa hai baada ya miaka 10. Aidha, mgonjwa anapopata nafuu kwa dawa hiyo, chembe zake nzima hurudi kushika nafasi ndani ya damu, na urefu wa telomea unaopimwa huelekea tena kwenye hali ya kawaida. Tangu mwaka 2002 mpango wa msaada uliwafikishia dawa hiyo bila malipo wagonjwa wa nchi nyingi, zikiwamo Kenya na Tanzania. Dawa inayoizuia telomerasi yenyewe nayo imepatikana, kwani imetelstati iliidhinishwa Marekani mwaka 2024, lakini ni kwa maradhi mengine ya uboho, wala si kwa lukemia sugu.

Imatinibu ina sharti moja gumu: humezwa kila siku. Utafiti uliofanywa London na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba mgonjwa anayekosa zaidi ya dozi 1 katika kila 10 hupunguza sana uwezekano wa ugonjwa wake kudhibitiwa vyema. Hizo ni siku 3 tu katika mwezi.

Siku 3 ni kitu kidogo sana katika maisha ya askari. Ni doria moja, au lindo la mpakani. Ni vyema basi ikumbukwe kwamba katika Afrika wagonjwa wengi wa lukemia hii hugunduliwa wakiwa na umri wa miaka 30 na 40, wakati Ulaya na Marekani wengi huwa wamekaribia 60 au wamepita. Huo ndio umri wa watu waliomo katika magwanda. Dalili zake ni uchovu, kukonda, jasho la usiku, na tumbo kujaa upande wa kushoto chini ya mbavu kwa sababu ya wengu kuvimba. Dalili hizo hufanana na za malaria ya muda mrefu na za kichocho, na mara nyingi mgonjwa hutibiwa maradhi hayo kwa miezi kadhaa. Kamanda anayeona kijana wake hodari ameanza kushindwa mazoezi asiharakishe kumwita mvivu au mtegaji. Ampeleke akahesabiwe chembe za damu, kipimo ambacho hospitali nyingi za wilaya zinaweza kukifanya.

Kwa polisi, wajibu huo uko barabarani. Serikali ya Malawi huwataka wakimbizi waishi kambini, na mwaka 2023 ilitekeleza amri ya kuwarudisha Dzaleka wale waliokuwa wakikaa mijini. Sheria ni sheria, na askari wa kizuizini hakuitunga. Lakini anapoonyeshwa barua ya rufaa na kadi ya kliniki yenye tarehe ya siku hiyo, hana budi kufahamu kwamba karatasi hizo zinahesabu vidonge vilivyosalia. Kuzikagua upesi na kumruhusu mgonjwa kuendelea hakudhoofishi ulinzi wa nchi. Kumrudisha ili aje wiki ijayo huweza kumkosesha dawa siku 7.

Ndugu wasikilizaji, wataalamu wa maabara ndio wanaozipima ncha za kromosomu, na hata wao hufanya hivyo zaidi kwa utafiti kuliko kwa tiba ya kila siku. Askari wa kizuizini na kamanda wa kikosi hawana hadubini, lakini wanaweza kumsaidia mgonjwa afike hospitali kwa wakati na arudi na dawa yake.