Mzayuni ni Nani?

Hapa Kisumu mtu huweza kukaa Milimani miaka thelathini, lakini mwulize kwao ni wapi. Atakutajia Alego au Seme, na huko ndiko atakakozikwa. Anzia hapo ukitaka kumwelewa Myahudi wa London au New York anayejiita Mzayuni.

Uzayuni ni imani kwamba Wayahudi ni taifa, nalo lastahili nchi yake katika ardhi ya wazee wao. Mwenye imani hiyo si lazima ahamie huko. Wengi huchanga pesa, huzuru, kisha hurudi makwao.

Je, nchi yoyote ingefaa? Mwaka wa 1903 Uingereza iliwapendekezea ardhi ya Uasin Gishu. Mpango huo uliitwa wa Uganda, kwani hadi 1902 sehemu hizi, Kisumu ikiwemo, zilikuwa upande wa Uganda. Theodor Herzl alitaka ufikiriwe, maana Wayahudi walikuwa wakiuawa Urusi. Mwaka wa 1905 mkutano wa Wazayuni ukaukataa. Israel Zangwill, aliyekubali nchi popote, akajitenga nao.

Hata hivyo, si kila Myahudi ni Mzayuni. Wako wanaolikataa jina hilo kwa ajili ya dini, na wengine kwa ajili ya Wapalestina, ambao mamia ya maelfu yao walipoteza makao Israeli ilipoundwa, 1948. Hata Uasin Gishu, Wanandi na Wamaasai hawakuulizwa neno.

Basi kila anaposema mtu, "Kule ni kwetu," tuulize pia: nani anaishi pale?