Norwei: Theluji inapoharibika, lemingi hupotea

Katika nyanda za juu za Finse, kusini mwa Norwei, lemingi walikuwa na desturi yao. Kila baada ya miaka mitatu hadi mitano wanyama hao wadogo wa jamii ya panya, wenye manyoya ya manjano na meusi, walijaa milimani, kisha wakaporomoka ghafla. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba baada ya mwaka 1994 mpangilio huo ulivunjika. Miaka ya neema imetokea tena, ukiwemo 2011, lakini si kwa utaratibu wa zamani.

Kwa sisi tuliotoka nchi za joto, ni ajabu kusikia kwamba mnyama wa baridi anadhurika baridi inapopungua. Jibu limo chini ya theluji. Lemingi halali usingizi wa majira ya baridi. Joto la ardhi hugeuza theluji ya chini kuwa mvuke unaopanda juu, na hivyo huacha nafasi nyembamba baina ya udongo na theluji. Humo hali ya joto hukaribia nyuzi sifuri hata nje ikiwa ishirini chini ya sifuri. Humo lemingi hula mimea laini inayotambaa juu ya mawe, na humo huzaa katikati ya kipupwe.

Siku moja ya joto yatosha kuharibu makao hayo. Theluji huyeyuka, au mvua hunyesha juu yake. Usiku maji huganda, nafasi huzibika, na chakula hufungwa ndani ya barafu. (Ile simulizi kwamba lemingi hujiua kwa kujitosa majini ni uzushi, filamu ya Disney ya mwaka 1958 iliyoieneza ilitumia matukio ya kupangwa.)

Hasara haiishii kwao. Bundi mweupe huhama kuwatafuta. Mbweha wa Aktiki huweza kuzaa watoto zaidi ya kumi lemingi wakiwa tele, na asizae kabisa wakiadimika. Nchini Ufini hakuna uzazi wa mbweha huyo uliothibitishwa tangu 1996 hadi 2022, alipozaa huko Enontekiö, karibu na mpaka wa Norwei. Norwei huwafuga, huwazalisha na kuwaachia milimani, ambako huwekewa chakula cha mbwa ndani ya masanduku.