Tuulaze Moto Kabla ya Kulala

Kipupwe kimeingia. Pepo za kusi zavuma kutoka baharini, manyunyu huanguka alfajiri, na nyumba zetu za mwambao zilizozoea kuachwa wazi sasa hufungwa madirisha tangu Magharibi. Baridi yetu si ya theluji, lakini yatosha kumfanya bibi aombe jiko chumbani, na mama aanike nguo za mtoto juu ya makaa. Hapo ndipo hatari huanzia.

Imepokewa na Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari (R.A.), kwamba nyumba moja ya Madina iliteketea usiku na watu wake wakiwamo. Mtume (S.A.W.) alipopewa habari, alibainisha kuwa moto ni adui yetu, akaamrisha uzimwe kabla ya kulala. Katika riwaya nyingine alitahadharisha hata na panya, awezaye kuburuta utambi wa taa akawaunguza wenye nyumba. Nasi leo, utambi tumeuacha, lakini panya yungali darini akitafuna nyaya.

Tuanze na makaa. Jiko likiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo huingia damuni ikashika nafasi ya oksijeni. Mtu huumwa na kichwa, huona kichefuchefu, kisha usingizi humlemea asiamke. Makaa yaliyofunikwa na jivu bado huitoa, na kufukiza ubani hakuiondoi. Basi jiko libaki uani penye upepo, na chetezo kitolewe chumbani kabla ya kulala. Bibi apewe blanketi la pili.

Ama umeme, hesabu yake ni nyepesi. Umeme wa Kenya ni volti 240, na fyuzi ya plagi zetu haizidi ampea 13. Zidisha, upate wati 3,120. Birika la umeme hula wati 2,000 hivi, na pasi 1,200 au zaidi. Ukiviwasha pamoja kwenye waya mmoja wa kuongezea soketi, umeshapita kiasi: waya hupata moto, plastiki huyeyuka, na kilichoko karibu, pazia au godoro, hushika. Fyuzi ikikatika imetulinda. Kuibadilisha kwa kipande cha waya ni kumfukuza mlinzi. Anayechemsha maji ya kuogea kwa koili azime swichi na kuchomoa plagi kabla ya kutia mkono ndooni. Tena chumvi ya bahari hula viungo vya nyaya. Soketi iliyoungua au inayotoa cheche isitumike mpaka aje fundi mwenye leseni.

Jikoni nako, ukisikia harufu ya gesi, funga mtungi, fungua madirisha, wala usiguse swichi yoyote, si ya kuwasha wala ya kuzima. Mafuta ya mahamri yakishika moto, usiyamwagie maji, kwani yataruka na kuueneza moto. Zima chini, funika karai kwa kifuniko, uliache lipoe.

Tukumbuke na haki ya jirani. Katika Mji wa Kale wa Mombasa na kule Lamu, nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, dari ni za boriti, baadhi ya mapaa ni ya makuti, na vichochoro havipitishi gari la zimamoto. Uzembe wa nyumba moja huwa msiba wa mtaa mzima.

Kwa hivyo twanasihi kila nyumba imweke mtu mmoja, hata kijana wa miaka 12, azunguke kila usiku baada ya Isha: jiko limezimwa, mtungi umefungwa, plagi zimechomolewa, dawa ya mbu iko mbali na neti. Kisha atazame ufunguo wa mlango wa chuma uko mahali pake, pajulikanapo na wote, hata gizani. Kufuli limzuialo mwizi lisije likawazuia watoto kutoka.

Kumtegemea Mwenyezi Mungu hakumwondolei mtu wajibu wa kuchomoa plagi. Tuchomoe, tusome dua zetu, tulale. Allah azihifadhi nyumba zetu na waliomo. Amin.