Simbi za Wazee Wetu Zilitoka Wapi?

Mtoto akiuliza kama simbi zinaokotwa Ziwa Kivu, mjibuni: hapana. Simbi ni gamba la konokono wa bahari, na kutoka Walikale hadi Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilomita 1,000. Zilikuja huku soko kwa soko, mkono kwa mkono, zamani zile zilipokuwa pesa, kabla ya franga.

Konokono huyo anakaa kwenye maji ya vuguvugu yasiyo na kina, chini ya mawe na matumbawe. Mchana anajificha, usiku anatoka kutafuta chakula. Ngozi yake laini inapanda pande zote mbili na kufunika gamba, ndiyo maana linang'aa bila kupakwa mafuta. Jike akishataga analalia mayai yake mpaka yaanguliwe, kama kuku wetu!

Kwa Walega, simbi hushonwa kwenye kofia za Bwami, chama ambacho wanawake nao wana ngazi zao; ya juu inaitwa bunyamwa. Wabelgiji walikipiga marufuku mwaka 1948. Leo vitu vingi vya Bwami viko kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani.

Kwa hiyo mtu akija kununua kofia ya zamani nyumbani, msiuze siku hiyohiyo. Kaeni kwanza na wazee wa ukoo. Na simbi zilizokatika kwenye uzi ziwekwe mbali na mtoto anayetambaa: moja tu inaweza kumziba koo.