Nzige Wanapogeuka Jeshi

Tarehe 21 Februari 2020, kundi dogo la nzige wa jangwani lilitua ufukoni mwa Ziwa Albert, karibu na Bunia. Kongo ilikuwa haijawaona wadudu hao tangu 1944.

Katika mkoa wa Maniema, nchini humo humo, hawakufika. Nzige wa jangwani hutaga kwenye udongo wa kichanga ulio wazi, na msitu unaozunguka miji ya Kama na Kindu mkoani humo hauna nafasi hiyo. Huko watu wanawajua zaidi siafu, ambao wafanyakazi wao ni vipofu na hufuata harufu iliyoachwa njiani na wenzao. Nzige hawana njia iliyotiwa harufu wala kiongozi, lakini tunutu, yaani nzige ambao bado hawajaota mabawa, huandamana kwa maelfu kuelekea upande mmoja. Nani kawaamuru?

Jibu moja lilitoka kwa wanafizikia. Mwaka 1995, Tamás Vicsek wa Hungaria na wenzake walitunga mfano wa kompyuta wenye kanuni moja tu: kila nukta inayotembea ishike wastani wa mwelekeo wa majirani zake, na kosa kidogo liongezwe. Nukta zikiwa chache au kosa likiwa kubwa, kila moja hushika njia yake. Msongamano ukipita kizingiti fulani, zote huelekea upande mmoja. Ni mabadiliko ya hali, mfano wa maji yanapoganda, isipokuwa hapa kila chembe hutumia nishati yake yenyewe kusogea. Mkusanyiko wa namna hiyo, uwe wa bakteria, samaki au ndege, wanafizikia huuita maada tendaji.

Mwaka huohuo John Toner na Yuhai Tu walionyesha kwa milinganyo kwamba mwendo wenyewe huwezesha mpangilio ambao vitu visivyohama, vikitandazwa kwenye ubapa, visingeweza kuudumisha. Kisha mwaka 2004 Guillaume Grégoire na Hugues Chaté wakagundua kwamba umati ukiwa mkubwa, mabadiliko hayaji polepole. Huja ghafla, na mikanda minene ya waandamanaji hupenya katikati ya waliotawanyika.

Je, wadudu halisi hutii kanuni hiyo? Mwaka 2006 Jerome Buhl na wenzake waliwaweka tunutu kwenye uwanja wa duara na kuwarekodi kwa saa nane. Waliotembea wakiwa wachache, wawili hadi saba, kila mmoja alikwenda kivyake. Wakiwa kati ya 10 na 25, waliandamana kwa muda mrefu, halafu wote wakageuka ghafla bila kushtuliwa na chochote. Walipofika 30, hawakugeuka tena. Kuyumba huko karibu na kizingiti ndiyo dalili ambayo wanafizikia huitafuta, na kwa miaka mingi nzige wakawa mfano wa vitabuni.

Kisha nzige wakavamia Kenya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, wakiwemo Sercan Sayin na Iain Couzin, waliwafuata tunutu uwanjani mwaka 2020, halafu maabarani wakamzungushia nzige mmoja picha za wenzake wa kompyuta. Wakamweka katikati ya makundi mawili yanayoandamana sambamba, moja kulia, jingine kushoto. Kama angekuwa anaiga mwelekeo, angekwenda nayo mbele moja kwa moja. Badala yake aligeuka kulielekea mojawapo. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Science mwaka 2025: nzige humwona mwenzake kama shabaha, na ubongo wake huchagua aifuate ipi. Msongamano peke yake hauamui. Kubwa ni uwazi wa kile anachokiona.

Tofauti hiyo inawahusu pia wanaopulizia dawa. Nzige waliokomaa huweza kuruka hadi kilomita 150 kwa siku, kwa hiyo ni rahisi zaidi kuwadhibiti wangali tunutu, ilimradi ijulikane wataelekea wapi. Anayeamini kizingiti cha msongamano atahesabu idadi yao katika kila mita ya mraba. Anayewafuata watafiti wa Konstanz atauliza kwanza nzige wanaona nini mbele yao.